Vitu Viwili, Jina Moja

Nina ugomvi na neno moja, na neno lenyewe ni renji. Mwulize mwalimu wa hisabati wa shule iliyo karibu nawe renji ya fanksheni ni nini. Atakwambia ni namba zote zinazotoka baada ya kuingiza zile zinazoruhusiwa kuingia. Vuka barabara umwulize wa shule ya pili. Atakwambia ni seti ambamo majibu yanatakiwa kuangukia. Wa tatu atakwambia wote wawili wako sawa, hizo ni lugha tu, tusipoteze muda, mtihani umekaribia. Huyu wa tatu ndiye ninayemwandikia.

Si lugha tu. Wa kwanza na wa pili wametaja vitu viwili tofauti, na vitu hivyo vina majina yake. Cha pili kinaitwa kodomeni. Cha kwanza kinaitwa taswira. Ukivipa jina moja umekuwa kama karani aliyeandika kwenye daftari moja, safu moja, watu walioalikwa harusini na watu waliofika, halafu akaenda kumlipa mpishi.

Tuanze na kitu ulichonacho mfukoni, kama wewe ni Mtanzania. Namba yako ya NIDA ina tarakimu 20. Chukulia kwamba kuna fanksheni inayompokea kila mtu aliyesajiliwa na kutoa namba yake. Watu waliosajiliwa ndio domeni, yaani vile vinavyoingia. Kodomeni tumeitangaza wenyewe: mifuatano yote ya tarakimu 20, ambayo idadi yake ni 10 kwa kipeo cha 20, ukiandika 1 halafu sifuri 20. Watu wa dunia nzima hawafiki hata bilioni 10, sembuse Watanzania. Kwa hiyo taswira, yaani namba ambazo kweli zimepewa watu, ni tone tu ndani ya bahari hiyo. Tena kuna sehemu za bahari ambazo haziwezi kufikiwa kamwe: tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, zikianza na mwaka, kwa hiyo hakuna mtu ambaye namba yake itaanza na 99999999. Hakuna mwezi wa 99.

Sasa mtu akikuletea namba ya uongo, anaweza kuwa amekosea kwa namna mbili. Akileta tarakimu 19, amekosea kodomeni. Huhitaji kumwuliza mtu yeyote. Unahesabu kwa kidole na kumrudishia karatasi yake. Akileta tarakimu 20 zilizopangika vizuri ambazo hazina mwenyewe, amekosea taswira, na hapo kidole hakisaidii. Ni lazima uende kwenye kumbukumbu zenyewe ukaangalie. Kosa la kwanza linaonekana kwa macho, la pili linataka uchunguzi. Anayesema vitu hivi viwili ni kimoja angefanya kazi yangu ya siku moja tu kwenye dirisha la benki, angeacha kusema.

Hiyo ndiyo tofauti yote. Kodomeni ni tamko linalotolewa kabla ya kazi kuanza: kila kitakachotoka kitakuwa humu. Taswira ni hesabu ya baada ya kazi: hivi ndivyo vilivyotoka. Taswira haitoki nje ya kodomeni kamwe. Inaweza kuijaza yote, na hapo tunasema fanksheni inajaza. Inaweza pia kubaki na kitu kimoja tu: fanksheni inayompa kila mtu jibu 7, awe nani awe nani, ina taswira yenye memba mmoja, hata kama kodomeni ni namba zote unazozijua.

Jioni huwa nafundisha tuisheni, watoto wa kidato cha tano na cha sita, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya jamaa yangu Tabata. Mwaka jana binti mmoja alinijia na karatasi ya jaribio la shuleni kwao. Shule siitaji. Swali lilisema, kwa Kiingereza kama kawaida yetu: imetolewa fanksheni f ya x ambayo ni x kwa kipeo cha pili, je, fanksheni hii inajaza? Alama 2. Binti alikuwa ameandika sentensi moja, kwamba inategemea kodomeni. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya sentensi ile kwa hasira, na pembeni kuna sifuri kubwa.

"Ticha, hapa nilikosa nini?"

"Hukukosa kitu."

"Lakini nimepewa sifuri."

"Nimeiona."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza lile swali ambalo ndilo linalonifanya niandike haya. "Sasa kwenye mtihani wa taifa niandike nini?"

Fikiria alichokuwa ananiuliza. Alikuwa na jibu sahihi. Zaidi ya hapo, alikuwa na jibu pekee lililo sahihi. Ukisema fanksheni ile inatoka namba halisi kwenda namba halisi, haijazi, kwa sababu −4 ni namba halisi na hakuna namba halisi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utapata −4. Ukisema inatoka namba halisi kwenda namba halisi zisizo hasi, inajaza, kwa sababu kila namba kuanzia sifuri kwenda juu ina kipeuo chake cha pili. Kanuni ni ileile, vinavyoingia ni vilevile, vinavyotoka ni vilevile, ila jibu la swali limegeuka, kwa kuwa swali lilihusu kodomeni na mwuliza swali hakuitaja. Ni sawa na kuuliza kama gunia limejaa bila kusema ni gunia gani. Mwanafunzi aliyejibu "hapana" akapata alama 2 alikisia kilichokuwa kichwani mwa mwalimu. Aliyefikiri alipata sifuri. Alama 2 si nyingi, najua. Lakini mtoto akifundishwa mara ishirini kwa mwaka kwamba kufikiri kunalipwa sifuri na kukisia kunalipwa 2, atachagua biashara yenye faida. Nilimwambia aandike yote mawili, kodomeni ikiwa hii jibu ni hili, ikiwa ile jibu ni lile, na asifute hata akitishwa.

Mwalimu aliyesahihisha karatasi ile si mjinga, na ana watetezi wazito. Haki yake nimpe. Kuna namna ya kueleza fanksheni ambayo kodomeni haionekani kabisa. Unasema fanksheni ni seti ya jozi zilizopangwa, na sharti ni moja: kitu kimoja hakiwezi kuanza jozi mbili tofauti. Basi. Paul Halmos aliifuata njia hiyo katika kitabu chake kidogo Naive Set Theory cha mwaka 1960, na vizazi vya wanafunzi vimesoma humo. Kwa njia hii, x kwa kipeo cha pili kwenda namba zote halisi na x kwa kipeo cha pili kwenda namba zisizo hasi ni seti moja ya jozi, hivyo ni fanksheni moja. Ukipewa jozi peke yake, unaweza kuzitazama ukajua domeni na ukajua taswira. Kodomeni huwezi kuijua. Haimo.

Njia hii haina kosa. Ila ina deni, na deni hilo ndilo walimu wetu wanalokimbia. Ukiifuata, huna ruhusa ya kuuliza "je, inajaza?" ukaweka nukta. Unapaswa kuuliza "je, inaijaza Y?" na Y uitaje. Kujaza kunakuwa habari ya vitu viwili, fanksheni na seti, kama vile ujirani ni habari ya watu wawili. Halmos mwenyewe haachi kuitaja Y. Njia nyingine, ambayo ilipewa nguvu na kundi la wanahisabati wa Ufaransa waliojificha nyuma ya jina la Nicolas Bourbaki, inaifanya kodomeni kuwa kiungo cha fanksheni yenyewe: fanksheni ni vitu vitatu kwa pamoja, jozi, domeni na kodomeni, na ukibadilisha kimoja umepata fanksheni nyingine. Hapo unaruhusiwa kuuliza "je, inajaza?" na kuweka nukta, kwa sababu Y ilishatajwa mwanzo. Chagua njia unayoitaka. Jaribio la yule binti lilichukua uvivu wa njia ya kwanza na swali la njia ya pili.

Sasa nije kwa wale wanaosema: sawa, vitu ni viwili, lakini kimoja ni cha ziada. Kwa nini tubebe kodomeni, mfuko mkubwa ulio nusu tupu, wakati tunaweza kusema taswira moja kwa moja tukamaliza? Kila fanksheni inaijaza taswira yake. Tusahau mengine.

Hoja hii nimeisikia kwa watu waliosoma, na mara nyingi wanaitoa kwa tabasamu la mtu aliyeokoa muda. Nawapa fanksheni moja wanioneshe taswira yake. Chukua namba kamili tatu zozote, chanya, hasi au sifuri. Kila moja ipandishe kwa kipeo cha tatu. Jumlisha. Kinachotoka ni namba kamili. Hilo najua bila kutoka jasho, na hiyo ndiyo kodomeni, namba kamili zote. Taswira je? Namba 3 imo, kwa sababu 1 na 1 na 1. Imo tena kwa njia ya 4 na 4 na −5: 64 jumlisha 64 toa 125. Namba 4 haimo, wala 5, na hili linathibitishika kwa nusu ukurasa: kipeo cha tatu cha namba kamili yoyote ukikigawa kwa 9 kinabakiza 0, 1 au 8, na ukijumlisha vitatu vya namna hiyo huwezi kupata kinachobakiza 4 wala 5. Kwa hiyo 13 nje, 14 nje, 22 nje, 23 nje.

Namba 33 je? Haizuiwi na hesabu ile ya kugawa kwa 9. Watu waliitafuta kwa miongo. Mwaka 2019 Andrew Booker wa Chuo Kikuu cha Bristol aliipata, kwa namba tatu zenye tarakimu 16 kila moja. Ikabaki 42, peke yake chini ya 100. Mwaka huohuo Booker na Andrew Sutherland wa MIT waliipata nayo, baada ya kutumia kompyuta za nyumbani za watu waliojitolea, kwa muda ambao ukiujumlisha unazidi saa milioni 1 za kompyuta. Mojawapo ya namba tatu zilizotoa 42 ni −80538738812075974. Namba 114 hadi leo hakuna anayejua kama imo au haimo.

Basi, ndugu yangu mwokoa muda, iandike fanksheni hiyo bila kodomeni. Andika mshale unaotoka namba kamili tatu kwenda kwenye taswira. Utaandika nini upande wa kulia wa mshale? Hujui. Hakuna anayejua. Ungelazimika kungoja 114 ipatikane, halafu nyingine baada yake, na fanksheni ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuikokotoa kwa kalamu isingekuwa na haki ya kuwapo hadi wanahisabati wote wamalize kazi. Kodomeni inatusaidia kuianza safari kabla hatujajua itaishia wapi. Ni tamko la chini kabisa tunaloweza kulisema kwa uhakika, na ndiyo maana ni la thamani.

Tena angalia inavyokuwa kwa upande wa ushindi. Mwaka 1770 Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kwamba kila namba asilia ni jumla ya namba nne zilizopandishwa kwa kipeo cha pili, sifuri ikiruhusiwa. Kwa mfano 7 ni 4 na 1 na 1 na 1, na ukijaribu kwa namba tatu tu huipati 7 hata ukeshe. Kwa maneno yetu: fanksheni ya kujumlisha vipeo vinne inaijaza kodomeni yake. Hilo ni jambo kubwa, lina uthibitisho, mtu alilitolea jasho. Ukifuta kodomeni ukaacha taswira tu, nadharia ya Lagrange inageuka kuwa sentensi isemayo taswira ni sawa na taswira. Umemwibia mtu kazi yake.

Na kuna mahali ambapo suala la taswira halina dawa hata kwa kompyuta zote za dunia. Mwaka 1900, Paris, David Hilbert aliuliza kama kuna utaratibu mmoja ambao ukipewa mlinganyo wowote wa polinomia yenye namba kamili utakwambia kama una jibu la namba kamili. Ukiyatafsiri maneno hayo, alikuwa anauliza: je, sifuri imo kwenye taswira? Mwaka 1970 Yuri Matiyasevich, akikamilisha kazi ya Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alithibitisha kwamba utaratibu wa namna hiyo haupo na hautakuwepo. Sifuri imo kwenye kodomeni. Hilo mtoto anaona. Kama imo kwenye taswira, hakuna mashine itakayotwambia kwa kila polinomia. Umbali kati ya maneno haya mawili, ambayo mwalimu wetu anayaita renji, ni huo.

Wanaoandika programu wananielewa haraka kuliko wengine. Ukiandika fanksheni kwa Java unatangaza mwanzoni kwamba itarudisha namba kamili, na kompyuta inakagua kwamba fanksheni inayofuata iko tayari kupokea namba kamili. Haikai kungoja kuona ni namba zipi hasa zitatoka. Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane walipoanzisha nadharia ya kategoria mwaka 1945 waliunganisha mishale kwa namna hiyohiyo: wa pili unaanzia pale wa kwanza ulipotangaza kuishia. Sirefushi hapa.

Nirefushe hapa pengine: Girolamo Cardano, daktari na mcheza kamari wa Italia, alichapisha kitabu chake Ars Magna mwaka 1545. Ndani yake kuna swali dogo ambalo ungeweza kulikuta kwenye daftari la kidato cha pili. Gawa 10 vipande viwili ili ukivizidisha upate 40. Kipande kimoja kiite x, kingine ni 10 toa x, na fanksheni ni zao lao. Jaribu: 1 mara 9 ni 9, 4 mara 6 ni 24, 5 mara 5 ni 25. Ukipita 5 unaanza kushuka. Kwa namba halisi, 25 ndiyo dari. Namba 40 ni namba halisi kama nyingine, imo kwenye kodomeni, lakini taswira inaishia 25.

Mtu wa renji angefunga daftari. Swali ni batili, 40 haimo kwenye renji. Cardano hakufunga. Aliandika kwamba vipande ni 5 jumlisha kipeuo cha pili cha −15, na 5 toa kipeuo cha pili cha −15. Ukivijumlisha unapata 10. Ukivizidisha unapata 25 toa −15, yaani 40. Yeye mwenyewe aliona mchezo huu hauna faida, na akapita. Lakini mwaka 1572 Rafael Bombelli aliweka kanuni za kukokotoa vitu vya namna hiyo, na leo tunaviita namba changamano. Mhandisi wa umeme hafanyi kazi bila hivyo. Polinomia yoyote isiyo ya thamani moja tu, ukiiachia namba changamano ziingie na zitoke, inaijaza kodomeni yake yote. Gauss aliandikia tasnifu yake jambo hilo mwaka 1799, na uthibitisho wake ulikuwa na pengo lililozibwa baadaye sana.

Ninachotaka uone ni mahali mlango ulipofunguliwa. Ili 40 ipatikane, kanuni haikuguswa. Ilipanuliwa domeni: viliruhusiwa kuingia vitu ambavyo kabla havikuruhusiwa. Na hakuna ambaye angefikiria kuipanua kama asingekuwa na pa kuiweka 40 wakati bado haijafikiwa. Kila mlinganyo duniani ni swali la kama kitu fulani cha kodomeni kimo kwenye taswira. Ukivifanya kimoja, kila mlinganyo una jibu kwa amri, na hisabati imekwisha saa 4 asubuhi, twende tukanywe chai.

Najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili wameanza kuuliza mambo haya yanawahusu nini. Yanawahusu.

Chukua kila siku tangu vyama vingi viruhusiwe Tanzania mwaka 1992, na kila siku uipe jina la aliyekuwa Rais siku hiyo. Ibara ya 39 ya Katiba inataja sifa: raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa, na nyinginezo. Haitaji jinsia. Wote wenye sifa hizo ndio kodomeni. Taswira, hadi katikati ya Machi 2021, ilikuwa wanaume wanne: Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli. Nilikulia kati ya watu waliosema kwa uhakika wa jua kuchomoza kwamba Rais ni mwanaume. Walikuwa wanasoma taswira na kudhani wanasoma Katiba. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa, na hakuna herufi ya Ibara ya 39 iliyobadilishwa ili aapishwe. Taswira sasa ina watu watano, na wote watano wametoka chama kimoja. Nalo hilo Katiba haikuliandika.

Kuna wanaokosea upande huu na kuna wanaokosea upande ule, na wote huwa wanakutana kwenye mahafali ya kidato cha nne. Madaraja ni A, B, C, D na F. Kuna shule ambazo kwa Hisabati, mwaka baada ya mwaka, taswira ni D na F tu. Atasimama mzee mmoja wa bodi aseme, watoto wa huku hawapati A, tusijidanganye. Ameichukua taswira akaitangaza kuwa kodomeni. Baada yake atasimama mhamasishaji aliyekodiwa, suti ya bluu, kipaza sauti cha kichwani, aseme A ipo, imeandikwa, ni yako, ni wewe tu kuamua. Huyu ameichukua kodomeni akaitangaza kuwa taswira. Watoto watampigia makofi wa pili na kumchukia wa kwanza, lakini kosa ni lilelile, ila limevaa nguo nzuri. Kuwepo kwa A kwenye orodha ya madaraja hakumwahidi mtu yeyote A, kama vile kuwepo kwa 114 kati ya namba kamili hakujamsaidia Booker kuipata.

Kati yao hakuna anayeuliza swali la Cardano. Ikiwa A imo kwenye kodomeni na haimo kwenye taswira, basi kodomeni imeshatoa kila ilichonacho na haina cha kuongeza. Kilichobaki ni kutazama kinachoingia na kanuni inayokifanyia kazi: mwalimu mmoja wa Hisabati kwa mikondo mingapi, kitabu kimoja kwa watoto wangapi, na mtoto aliyehesabu kwa Kiswahili miaka 7 ya shule ya msingi anaanzaje kidato cha kwanza kwa lugha nyingine kabisa. Hayo yana bajeti na wahusika, ndiyo maana suti ya bluu haiyataji. Ni rahisi zaidi kumwambia mtoto atake zaidi.

Nimetaja lugha, na kwenye lugha ndiko ninakopata tumaini kidogo. Mkanganyiko wa renji hatukuuzaa sisi. Vitabu vya Kiingereza vya zamani na vya sasa vimelitumia neno hilo kwa maana zote mbili, kiasi kwamba baadhi ya waandishi wao wa leo wameamua kuliacha kabisa. Sisi tumelichukua likiwa limeshaharibika, kama mtu anunuaye redio ya mtumba bila kuiwasha. Hatulazimiki. Taswira tunayo, ni neno letu, kila mtu analielewa: sura ya kitu inayoonekana mahali pengine. Kodomeni ni neno gumu mdomoni, nakubali, na kama kuna anayependa kuiita shabaha sitagombana naye, mradi akumbuke kwamba mpiga mishale analenga ubao mzima na matundu yanabaki pale mishale ilipopiga. Ninachoomba ni kwamba yawe maneno mawili, kwa sababu vitu ni viwili.

Mwalimu wangu, shikamoo. Swali lako lilikuwa hivi: imetolewa fanksheni f ya x ambayo ni x kwa kipeo cha pili, je, inajaza? Liandike hivi: imetolewa fanksheni f kutoka namba halisi kwenda namba halisi, ambayo f ya x ni x kwa kipeo cha pili, je, inajaza? Ni maneno machache zaidi, na kwenye karatasi ya mtihani, ukitumia alama za kihisabati, ni herufi mbili na mshale.